Mashine Imeniuliza Slopu Yangu Ni Ngapi

Jirani, hebu nisogezee hicho kigoda. Chai ya rangi, chapati moja, niandikie kwenye daftari. Najua daftari limejaa. Fungua ukurasa mpya basi. Na leo usinianzishie habari za Simba na Yanga, kichwa kinawaka. Nimeshinda naulizwa maswali na mashine. Siyo mkaguzi, siyo mama watoto. Mashine. Na inauliza kwa Kiingereza.

Swali la kwanza: slopu yako ni ngapi? Nikageuka nyuma, labda anaulizwa mwingine. Hakuna mtu. Slopu? Mimi najua slipa. Swali la pili: upana wa piki. La tatu: eneo dogo kabisa unalokubali. La nne: urefu mdogo kabisa unaokubali. Urefu wangu unauona mwenyewe, sikubali wala sikatai, ndio niliopewa. La tano, eti unataka mabega? Wallahi tena. Mashine inaniuliza kama nataka mabega. Nikajitazama. Ninayo mawili, yameporomoka, lakini yapo. Nikabonyeza hapana.

Hapo ndipo kimbembe kilipoanzia. Kumbe majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua karanga za watu ni chakula au ni sumu. Na aliyeachiwa kujibu ni mimi.

Wewe unanifahamu, mimi mtu wa stoo. Magunia naingiza, magunia natoa, nasaini. Elimu yangu yote iko hapo. Sasa siku moja printa ya ofisini ikatafuna karatasi, mimi kwa kiherehere changu nikaichomoa. Bosi alikuwa kasimama mlangoni. Akasema, "Kumbe mzee wangu unajua kompyuta!" Nikacheka kwa unyenyekevu. Kile kicheko yeye akakihesabu kuwa ndiyo. Dada yetu wa maabara, msomi wa kemia, alipokwenda likizo ya uzazi, nikaambiwa nimshikie nafasi. Nafasi yenyewe ina koti jeupe. Koti ni la kwake, mimi mikono inaniishia hapa kwenye kiwiko. Walinzi getini wananiita dokta wa kuku. Bodaboda wamedaka.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Dada aliacha kila kitu kimepangwa. Mimi nabonyeza pa kuanzia, nasubiri, nachapa karatasi, napeleka juu, nashuka. Nikaanza hata kutembea kwa mbwembwe. Halafu umeme ukakatika. Ukarudi kwa hasira. Kompyuta ikafa papo hapo. Akaja fundi, akaifufua, akaweka programu upya, akanikabidhi. Namuuliza, mbona ile mipangilio ya dada siioni? Ananiambia, "Mzee, hiyo haikuwa na bakapu. Weka tu vile unavyowekaga." Vile ninavyowekaga! Mimi ninachowekaga ni magunia.

Ngoja nikwambie tunapima nini, maana na wewe unauza karanga, hizo hapo za kwenye vikaratasi. Usishtuke, sijasema kitu. Kuna ukungu unaota kwenye karanga na mahindi yakihifadhiwa na unyevu. Ukungu huo unaacha sumu inaitwa aflatoksini, kwenye mabango ya serikali wanaandika sumukuvu. Haina harufu. Kwa macho huioni. Ukichemsha haitoki, ukikaanga haiishi yote. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, watu wakahangaika ni ugonjwa gani huu, kumbe ni chakula chao, mashudu ya karanga kutoka Brazil. Hao ni bata. Mwaka 2004 hapo kwa jirani zetu Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye ukungu na 125 wakafa. Dodoma na Manyara mwaka 2016 nako watu walizikwa. Halafu Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Malori yakakaa mpakani Namanga, madereva wakapika ugali chini ya matairi. Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti, mzigo uje na cheti cha vipimo.

Cheti! Watu wanalitaja hilo neno kwa adabu, utadhani kinashuka na mvua. Cheti kinaandikwa na mtu. Wakati mwingine mtu mwenyewe koti limemwishia kwenye kiwiko.

Na kikomo chenyewe ni kidogo mno. Kwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, hiyo ni aflatoksini zote kwa jumla, na ile kali kuliko wenzake, B1, mwisho wake ni 5. Nikapiga hesabu kwa kichwa changu cha stoo. Lori la tani 30 likibeba gramu 0.3 ya sumu, limeshafika mwisho. Gramu 0.3! Stoo kwangu panya mmoja anamaliza zaidi ya hiyo kabla sijafungua dirisha, na hakuna aliyewahi kuniandikia barua.

Mashine yenyewe inaitwa HPLC. Kirefu chake usiniulize, nina chapati mdomoni. Kazi yake ni hivi. Kuna pampu inasukuma kimiminika kwa presha kubwa kupita kwenye kibomba cha chuma kilichoshindiliwa unga laini. Unapiga sindano ya sampuli upande huu. Vilivyomo ndani vinaanza safari pamoja, lakini vingine vinang'ang'ania unga, vingine vinateleza. Upande wa pili kuna taa na jicho. Kitu kikitoka, jicho linaona mwanga, mstari kwenye skrini unapanda, unafika juu, unashuka. Huo mlima ndio piki. Aflatoksini zinatoka kwa foleni, G2, G1, B2, halafu B1 mwenyewe wa mwisho, wakubwa huwa wanachelewa. Kisha mashine inapima eneo lililo chini ya mlima, inalinganisha na eneo la stendadi, ile sumu ya dukani ambayo kiasi chake kinajulikana, ndipo linakuja jibu lako kwa mikrogramu.

Aliyeanzisha mambo haya ni Mrusi mmoja, Mikhail Tsvet, mtu wa mimea. Alichukua rangi za majani, akazipitisha kwenye kibomba cha chaki, zikaachana zenyewe, kijani huku, njano kule. Mwaka 1906 akaiandika kwenye jarida la Kijerumani na kuipa jina kromatografia. Alitazama kwa macho yake, akaona, akaandika, akaenda kula. Hakuna aliyemuuliza slopu. Hakuna aliyemuuliza mabega.

Hata waliofuata walikuwa na nafuu. Kulikuwa na kalamu inachora milima kwenye karatasi inayotembea. Mtu anachukua mkasi, anaukata mlima, kipande anakiweka kwenye mizani ya maabara, anapima uzito. Kipande kizito, kitu kingi. Kipande chepesi, kitu kidogo. Siyo utani, ndivyo wasomi wazima walivyofanya kazi. Jirani, hiyo kazi ilikuwa yangu! Mkasi naujua. Mizani nimezeeka nayo. Nilichelewa kuzaliwa tu. Kompyuta ikaja, ikawanyang'anya watu mikasi, halafu sasa inanigeukia mimi inauliza mkato uanzie wapi na uishie wapi. Maana slopu, upana na wenzao ni hilo tu, unaielekeza kompyuta pa kupitisha mkasi. Hilo nimelijua leo. Wakati najibu maswali nilikuwa silijui.

Nilijibu kwa moyo mweupe. Nikasema mashine ya bei hii lazima iwe makini. Slopu nikaweka ndogo kabisa. Eneo dogo kabisa, sifuri. Urefu, sifuri. Sitaki kudhulumu piki ya mtu. Nikabonyeza.

Karatasi ikatoka. Ikatoka tena. Ikaendelea kutoka. Printa ikaanza kunukia. Piki mia na ushee! Kila mtetemo wa mstari umepewa namba yake, dakika yake, eneo lake. Nimekaa hapo nazikusanya karatasi sakafuni, naona fahari, nasema hii ndiyo sayansi. Bosi akaokota moja. "Mzee wangu, hizi karanga zina nini?" Nikamwambia zina mambo mengi. Akasoma, akakuna kichwa, akashika simu ampigie mwenye mzigo. Ikabidi nisome lebo ya kichupa. Methanoli tupu. Karanga sikuwa nimeweka hata punje.

Basi nikageuza. Slopu nikaipandisha juu, juu kabisa, mpaka ikakataa kupanda. Mashine ikatulia tuli. Karatasi moja, safi, imeandikwa hakuna piki iliyoonekana. Ee bwana! Bosi alifurahi, akanipiga begani, bega lile lile nililolikataa. Akasema karanga safi, watu wa stoo ndio wachapakazi, akaanza kutaja kikao ambacho nitakwenda kusimama mbele za watu. Nikawa nawaza nitavaa shati gani.

Sasa tuna binti wa field, mwanafunzi wa chuo. Mpole, mwenye adabu, anayeua kwa adabu. Akaingia. "Shikamoo baba." Marahaba mwanangu. Akatazama skrini. Akanitazama mimi. Akatazama skrini tena. "Samahani baba, hiyo si stendadi?"

Ilikuwa stendadi. Aflatoksini nne, halisi, zimenunuliwa kwa pesa ndefu, zimefungwa, zimeandikwa majina. Milima minne iko pale kwenye skrini, imesimama, hata wewe bila miwani ungeiona. Na chini yake mashine imeandika hakuna kitu. Bosi akakohoa. Habari ya kikao ikaishia hapo, sijaisikia tena.

Binti akavuta kiti. Akanieleza taratibu, na mlinzi wetu yuko mlangoni anasikiliza bure. Mashine haioni mlima, baba. Inaona mteremko tu. Kila sehemu ya sekunde inajiuliza mstari unapanda kwa kasi gani. Kasi ikizidi ile slopu uliyoiandika, inasema piki imeanza. Mteremko ukigeuka kutoka kupanda kwenda kushuka, inajua kilele kimepita. Ukirudi kuwa mdogo kuliko slopu yako, inasema piki imekwisha, mkasi unatua hapo. "Ni kama mlinzi wa usiku, baba. Ukimwambia apige filimbi kwa chochote kinachotembea, mtaamshwa na paka, mende na majani. Ukimwambia asipige mpaka aone lori, wezi wanne wa miguu watapita mbele yake na friji."

Nilicheka sana. Mlinzi hakucheka.

Nikasema basi tuweke katikati. Akauliza katikati ya nini? Nikanyamaza. Mimi "katikati" huwa naitumia kila mahali na haijawahi kuniangusha. Hapa ikaniangusha. Akasema tuanze na upana kwanza, slopu itafuata.

Upana nikasema huo nauweza. Nikatoka, nikaenda stoo, nikarudi na futi kamba. Nikaikunjua mbele ya skrini. Binti akageukia dirishani, mabega yake yanatikisika. Kumbe upana wa piki unapimwa kwa muda! Sekunde, dakika. Mlima unapimwa kwa saa! Na mimi nilipopandisha slopu nilipima na upana kwa rula nikaandika 4, kwa maana ya sentimita, mashine ikaelewa dakika 4. Ndiyo maana. Ukiiambia piki zako ni pana hivyo, inazifunga nukta nyingi pamoja, inalainisha, piki nyembamba zinamezwa na zilizokaribiana zinaunganishwa kuwa moja. Ukiiambia ni nyembamba kupita kiasi, kila cheche ya jenereta inakuwa piki. Dawa yake, chukua piki nyembamba kuliko zote unazozitaka, isome upana wake kwenye nusu ya urefu, anzia hapo. Na jicho nalo lisome haraka ya kutosha. Piki moja angalau ipate nukta 10 mpaka 20. Chini ya hapo unachora mlima kwa kukisia.

Futi kamba nimerudisha stoo. Nimepita nayo mlango wa nyuma.

Tukaja kwenye slopu. Binti akasema tutazame kelele. Nikasema mbona kimya? Maabara nzima haina hata redio. Akanionyesha mstari pale ambapo hakuna kitu kinachotoka, pale unapotakiwa kulala. Haulali. Unatetemeka. Hiyo ndiyo kelele. Sababu ziko nyingi: viputo vya hewa kwenye pampu, taa iliyochoka, umeme wenyewe unavyoyumba. Halafu kuna kupanda na kushuka polepole, mawimbi marefu, hayo akayafuatilia kwa macho mpaka akafika kwenye kiyoyozi. Joto la chumba likibadilika, mstari nao unabadilika. Akauliza nani anawasha na kuzima kiyoyozi? Jirani, ni mimi. Nikikizima bosi anafurahi kwa sababu ya bili. Nikikiwasha nafurahi mimi. Nimekuwa nikizima na kuwasha kutwa nzima, na kila mara sumu ya karanga inapanda na kushuka.

Unatafuta slopu iliyo juu kidogo ya hiyo kelele, ili mtetemo usihesabiwe, na chini ya piki yako ndogo kuliko zote, ili isipotee. Unaijaribu kwenye sampuli tupu, unaijaribu kwenye stendadi dhaifu. Tupu ikitoa piki pale ambapo B1 hutoka, bado uko chini, au una uchafu. Stendadi ikipotea, umepitiliza. Na kuna kanuni wanaifuata dunia nzima. Piki iwe na urefu mara 3 ya kelele ndipo useme kitu kipo, na mara 10 ndipo uthubutu kutaja kiasi. Mimi kanuni hii naiombea iletwe kwenye vikao vya ukoo upande wa mke wangu. Mtu asitaje kiasi cha mchango nilioahidi kabla hajafikisha mara 10.

Eneo dogo na urefu mdogo ni ungo wa mwisho tu, piki zilizokwisha kukatwa zinachekechwa, vijidogo vinaachwa visijaze karatasi. Nilipokuwa nimeandika sifuri nilikuwa sina ungo. Halafu dakika za mwanzo, kabla hata G2 hajatoka, kuna wimbi la vile vitu ambavyo unga haukuvishika kabisa. Unaruhusiwa kuiambia mashine isitazame mpaka muda fulani. Nikauliza mara mbili, inaruhusiwa kweli? Inaruhusiwa, baba, ila iandikwe, na iwe hivyo hivyo kwa stendadi, kwa sampuli tupu na kwa karanga za kila mtu. Slopu moja kwa wote. Upana mmoja kwa wote. Hapana kumbadilishia mtu kwa sababu ya sura yake.

Na mabega? Nikauliza kwa sauti ndogo. Bega ni piki ndogo iliyojibanza ubavuni mwa piki kubwa, bado hazijaachana. Akaangalia. "Kwetu hapa zimeachana vizuri baba. Mabega hatuyahitaji." Kwa hiyo lile nilipatia. Katika maswali yote matano nilipatia moja, na nililipatia kwa kujitazama mwili.

Tukapanga yote. Tukapiga stendadi ile ile mara kadhaa mfululizo, maeneo yakawa yanakaribiana. Piki nne, kila moja na jina lake, mkasi umetua chini kabisa ya kila mlima. Binti akaihifadhi, akaweka bakapu sehemu mbili, moja kwenye flashi ambayo ameifunga kwa kamba na kuitundika mahali ambapo mimi siwezi kufika bila kiti. Hakusema kwa nini. Mimi sikuuliza.

Basi ungedhani nimepumzika. Wapi! Ndipo ukaja mzigo wa yule bwana.

Simtaji. Ni mtu mzito, amekaa ofisini kwa bosi anakunywa soda, funguo za gari ziko mezani ili tuzione. Tukapima. B1 ikatoka 5.6. Mwisho ni 5. Bosi akashuka mwenyewe maabara. "Mzee wangu." Akiniita hivyo kwa upole najua kuna jambo. Akaegemea meza, akatazama mlima wa B1. "Hii miguu ya mlima lazima ianzie chini hivi?"

Jirani, mimi nimechukua muda wote huo na fedheha yote hiyo kuelewa pale miguu inapoanzia. Yeye kaelewa kwa soda moja.

Maana inawezekana. Programu inakuruhusu kuweka pembeni maswali yote matano, ukashika mausi, ukavuta mstari wa chini kwa mkono. Ukiuinua kidogo tu, eneo linapungua, 5.6 inashuka mpaka 4.9, mwenye mzigo anachukua cheti, wote mnarudi nyumbani mapema. Watu wa maabara wanaita kunyoa piki. Kuna wakati kusahihisha kwa mkono ni halali kabisa, mashine imekata vibaya na kila mtu anaona. Kunyoa ndiko haramu, na ni moja ya mambo ambayo wakaguzi wa dawa na vyakula wanayatafuta. Mimi haya nilikuwa nayajua? Siyajui. Nilishika mausi kwa sababu bosi kasema shika mausi.

Nikavuta. Kikafunguka kidirisha. Swali la sita!

Sababu ya kubadilisha? Na juu yake limeandikwa jina langu kamili, majina matatu, hata lile la babu ambalo hata wewe hulijui. Tarehe. Saa na dakika. Namba ya zamani 5.6, namba mpya inasubiri. Kumbe programu inaandika kila anayegusa, kagusa nini, lini, kwa nini, na ya zamani haifuti, inaiweka pembeni ya mpya milele. Bosi akasema, "Andika marekebisho." Nikasema bosi, keti hapa, nakupisha kiti, andika wewe kwa jina lako. Akasema yeye nywila yake ameisahau. Nikasema tunaweza kumwita fundi. Akasema fundi ni ghali.

Usinipigie makofi. Mimi siyo shujaa, ningekuwa shujaa ningedai koti la saizi yangu. Niliogopa. Niliona lile jina la babu pale juu, nikaona mkaguzi, nikaona karandinga, nikaona mama watoto ananiletea uji mahabusu huku ananisema. Nikabonyeza futa. Kidirisha kikafunga. Binti akasema, kwa adabu yake ile ile, tupime upya tangu kusaga karanga, slopu ile ile, kila kitu kile kile. Tukapima. Ikatoka 5.5.

Mzigo umekataliwa. Mwenyewe akashuka kuniangalia. Akauliza nani kapima? Bosi akaninyooshea kidole, haraka kweli kweli, sijawahi kuona ananitambulisha haraka hivyo. Yule bwana akanipandisha, akanishusha, akaishia kwenye viwiko. "Huyu? Huyu si ndiye wa stoo?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mimi nakataliwa na mtu wa stoo!" Akaondoka. Soda hakumaliza. Bosi naye hajaniita mzee wangu tangu hapo, ananiita jina. Nasikia dada wa maabara ameombwa arudi mapema, na mimi ndiye ninayemwombea kuliko wote.

Sasa wewe na hizo karanga zako. Kabla hujafunga vikaratasi zichambue kwa mkono. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, toa, maana sumu nyingi iko kwenye hizo chache. Na usimpelekee ng'ombe wa mama mkwe, itapita kwa ng'ombe itokee kwenye maziwa, uinywe kwenye chai. Ukiletewa mzigo wenye cheti, usitazame muhuri peke yake. Uliza slopu waliweka ngapi, na stendadi ilipita kwa slopu hiyo hiyo? Uliza nani kapima. Wakikutajia jina langu, uliza tena.